Mpishi Kati ya Milango Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini, ghorofa ya sita ya jengo moja pale Xiaobei, mtaa wa mji wa Guangzhou, China, laoban, yaani bosi mwenye duka, alinionyesha kiti kisicho na mgongo na kunipa sheria moja: fundi haonani na mteja. Mteja anaongea na dada wa mapokezi, kazi inaingia ndani na karatasi yake. Mimi nilikuwa nimetoka kusomea ufundi wa video huko huko Guangzhou, nikaona utaratibu mzuri. Kelele za wateja za nini?

Kazi yetu ilikuwa kuhamisha picha za sinema za zamani kutoka kanda za video kwenda kwenye diski, kwa ajili ya wafanyabiashara wa Dar na Unguja. Diski moja ilibeba dakika sabini na kitu, na picha nyingi zilikuwa ndefu zaidi. Nyinyi mnaokata video kwenye simu mkiwa mmelala chali hamjui adha hiyo. Ilibidi utafute mshono. Ndivyo tulivyopaita mahali unapoweza kutoa kipande, ukaunganisha, na mtazamaji asijue. Msimamizi wa chumba, Mchina mmoja mkimya, aliwahi kusema mbele ya wote kwamba mkono wangu hauachi kovu. Kichwa kilinivimba wiki nzima.

Basi ikaja picha moja ya kuimba na kuchekesha, ya Kizungu, ya miaka ya hamsini. Karatasi ilisema: diski moja. Ndani yake mlikuwa na mpishi, mama mweusi mnene, anayeimba na kucheza jikoni na masufuria yake. Mlango unafunguliwa, anaimba dakika tatu, mlango unafungwa. Kabla ya hapo hayupo, baada ya hapo hayupo, na hakuna anayemsemesha. Nilimsifu moyoni aliyeiunganisha picha ile, kwa kuniachia mshono safi namna hiyo. Nikamtoa mpishi, picha ikaenea kwenye diski moja.

Diski ikishatoka, tulifuta kila kitu kwenye kompyuta, na kanda aliyoiacha mteja tulirekodi mambo mengine juu yake.

Siku mbili baadaye laoban akavunja sheria yake mwenyewe, akaniita mbele. Mteja alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa Unguja aliyefuata vitambaa soko la Zhongda. Alikuwa ameitazama diski mpaka mwisho pale pale dukani. Alinieleza taratibu kwamba mama yake yu hai, macho yanamwishia, na kabla hayajazima anataka kumwona tena mtu mmoja tu aliyemwona kwenye sinema ujanani. Kanda alipewa na mzee aliyekuwa akiendesha mashine ya sinema, naye keshafariki.

"Yuko wapi mpishi?" akaniuliza.

"Nilimtoa, mama. Hakuwa na kazi kwenye hadithi."

Akanitazama. "Mama yangu kapika majumbani mwa watu maisha yake yote, mwanangu. Na yeye hakuwa na kazi kwenye hadithi zao."

Nilikimbilia rafu ya kanda. Msimamizi akatikisa kichwa hata kabla sijauliza. "Meiyou," akasema. Hakuna.

Ndipo nilipoielewa ile milango miwili, wa kufunguliwa na wa kufungwa. Wenye picha walimtenga mpishi yule makusudi, ili kumbi za sinema za kwao zisizotaka kuonyesha mtu mweusi zimtoe bila kuharibu kitu. Walishona wakijua mkataji atakuja. Na aliyekuja, baada ya miaka yote ile, ni mimi, mweusi kuliko mpishi mwenyewe. Loh! Niliona aibu, na mpaka leo naona aibu.

Sasa nimestaafu, niko Tanga. Vijana huja niwafundishe, nami huwaambia mshono ukiwa mwepesi mno, waulize nani kawashonea. Wanaitikia kwa heshima, kisha wanauliza programu ipi ni nzuri. Siwalaumu, nami nilikuwa hivyo hivyo. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu hakui, wala hanitoki mapajani.

Bi Mwanaidi aliichukua diski ile ile, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Mwaka uliofuata nilimkuta Zhongda, nikajikaza nikamuuliza. Akasema mama yake aliketi karibu kabisa na televisheni mpaka picha ikaisha, kisha akaomba radhi, akataka irudishwe mwanzo. Alidhani amesinzia.