Mchanga wa Kumsafisha Ilham

Simu ya Mwanatumu ililia mtafiti wa afya, Hope, akiwa bado amemwingiza kijiti cha pamba kooni kuchukua sampuli. Mwanatumu alingoja kijiti kitoke, akapokea. Mdogo wake wa kike, Ilham, alikuwa ameaga dunia asubuhi ile, hospitalini Kilifi.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, akakaa sakafuni.

Ilham alikuwa mpakaji hina. Kwa miaka ishirini alishika mikono ya maharusi wa Malindi, na huenda ni katika kazi hiyo alikopata mpox, ugonjwa wa vidonda unaoambukiza kwa kugusana, kisukari kikiwa kimeshamdhoofisha. Hope na wenzake walipokuja na utafiti wao, kutaka kujua virusi humtoka lini mgonjwa na huwafikiaje wa nyumbani kwake, baadhi ya majirani walifunga milango. Ilham aliwakubali, akawatajia kila nyumba aliyopaka hina.

"Utakosa wateja wewe!" Mwanatumu alimwonya.

"Nitakupaka wewe, bi kizee. Huenda ukapata mume."

Kila wiki alipimwa koo na vidonda. Mwanatumu naye alipimwa, kwa kuwa walilala chumba kimoja. Hali ilipozidi kuwa mbaya akalazwa Kilifi, Ilham alimwahidisha dada yake kwamba akifa amwoshe yeye mwenyewe, si mtu baki.

"Vipimo vya juzi vilisemaje?" Mwanatumu aliuliza sasa. "Ameshasafika?"

"Bado, mama. Vigaga havijaanguka vyote, na virusi vingalipo. Hawezi kuoshwa, atamwambukiza mwoshaji."

"Nilimwahidi, Hope!"

"Najua. Juzi nilipompa majibu, aliniambia, 'Dadangu ni mbishi. Atalia. Mkatalie.'"

Mwanatumu alikwenda kuvaa buibui.

Imamu Jaafar wa msikiti wa kwao alisema Mungu hamkalifishi mja asichokiweza, maiti atatayamamishwa, yaani atapanguswa kwa mchanga safi badala ya kuoshwa kwa maji. Hospitalini walimvika Mwanatumu joho la plastiki, barakoa na glavu, wakamwekea bakuli la mchanga safi. Alitia nia, akapiga viganja mchangani, akampangusa nduguye uso, kisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Nchani mwa kucha mlikuwa na hina ya zamani.

Wahudumu walimvika sanda. Aliswaliwa msikitini Malindi baada ya alasiri, wanaume wakamchukua makaburini. Mwanatumu aliwasindikiza mpaka mlangoni, akasimama hapo akimwombea dua mpaka waliporudi na kumwambia wameshamzika.