Kitambaa cha Nili na Pilau ya Idd

Juzi nilipita duka moja la zawadi hapa Johannesburg, nikaona vitambaa vya pamba vya Kijapani vimekunjwa vizuri kwenye rafu, hasira yangu ya utotoni ikanipanda upya. Keti nikusimulie, rafiki yangu, usije ukadhani nina roho mbaya bure.

Mwaka 2016 tulikaa mtaa wa Bellevue, hapahapa mjini, nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba, kila familia na chake. Bibi yangu, mtu wa Tanga, alikuwa amelea watoto wa mama mmoja wa Kijapani, na yule mama aliporudi kwao alimwachia vitambaa vyake. Bibi alivitumia kwa kila kitu: kuchujia tui, kufunikia mandazi ya moto, kunifungia chakula cha shule, hata kunifuta kamasi. Alichokipenda zaidi kilikuwa cha rangi ya nili, chenye majani meupe ya mianzi. Hicho hakikuguswa na masizi. Kilifungia zawadi tu, na aliyepokea alitoa chake ndani, akarudisha kitambaa. Nyumba nzima ilijua hivyo.

Jirani yetu, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, naye alijua. Alikuwa amevirudisha vitambaa vya Bibi mara nyingi. Alipojifungua, Bibi alimfungia nguo za mtoto kwa kile cha nili. Safari hii hakikurudi. Siku moja tukakikuta kwenye meza yake ya biashara, Jules Street, kimekatwa kuwa mifuko ya aproni.

"Maman, nilizania yote ni kado," alisema bila kuinua macho, yaani eti alidhani hata kitambaa ni zawadi.

Bibi aligeuka, tukaondoka. Njiani alinishika mkono mpaka ukauma, akasema, "Akutendaye mtende, mche asiyekutenda."

Ikaja Idd. Bibi alipika pilau, akanituma kugawa. Kila mlango ulipata bakuli lililofungwa kitambaa cha Kijapani. La fundi, lenye nyama nono kuliko yote, lilikwenda ndani ya mfuko wa plastiki wa spaza, kile kiduka cha mtaani, tena la mwisho, wanawake wote wakiwa uani wanafungua mafundo yao. Fundi aliutazama mfuko, akawatazama wenzake. Kila mmoja aliona kuwa yeye haaminiwi tena kitambaa. Nilifurahi, sikufichi. Mwisho wa mwezi akahama na cherehani yake.

Bibi ameshafariki, na mimi yule fundi sijamsamehe. Nyumba ile sasa ina milango ya vyuma. Kila mtu anapika na kula amejifungia. Watu wanatendeana ubaya vilevile kama zamani, ila hata ukitaka kumuumbua mtu, hakuna tena ua wa kumuumbulia.