Baiti Tatu za Damu

Mke wangu nusura auawe na kompyuta niliyoitengeneza kwa mikono yangu.

Mwaka wa 1997 nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye zahanati ya shamba la chai, upande wa Sosiot. Mashine ilikuwa moja tu, nzito kupindukia. Wachuma chai walipiga foleni hadi nje wakingoja kadi za matibabu.

Mimi na ujuaji wangu nikaingia kwenye kernel, kile kiini kinachoendesha kompyuta nzima. Kabla ya kila mgonjwa, kiini kilifuta kumbukumbu kwa kuijaza sifuri, baiti moja moja, yaani herufi moja kwa wakati. Nikakiandika upya kijaze nne nne.

Foleni ikaisha. Nikatembea kifua mbele, wee!

Wiki ya tatu Chepkurui, mke wangu, alijifungua akavuja damu vibaya. Nilimkuta muuguzi wetu, Sista Bonareri, akitundika mfuko wa damu.

"Sista, hiyo ni damu gani?"

"AB. Kadi yake imesema."

"Hajawahi pimwa! Hapo inafaa kuwa wazi!"

"Kwani kompyuta inadanganya? Si ni wewe ulitengeneza?"

"Toa hiyo kitu! Pima kwanza!"

Akapima. Chepkurui alikuwa O; ile AB ingemuua.

Niliketi kwenye mashine nikafungua programu yangu. Rekodi ya mgonjwa ilikuwa baiti sitini na saba. Ukijaza nne nne, tatu za mwisho hazifutwi, na hapo mwisho ndipo tulipoweka kundi la damu. Kila asiyepimwa alibaki na damu ya aliyemtangulia.

Nilikuwa nimeijaribu kwa rekodi za baiti nane, kumi na sita, sitini na nne. Namba nzuri nzuri tu, zinazogawanyika kwa nne.

Sista akauliza polepole, "Na Kepher je?"

Kepher alikuwa fundi wa kikausho cha chai. Wiki iliyotangulia aliumia mguu, akaongezewa damu, akafa siku hiyo hiyo. Laini yote, zile nyumba za wafanyakazi, ikasema amerogwa na jirani yake Amolo, kwa kuwa waligombania kishamba cha sukuma wiki. Vijana walimchomea Amolo nyumba, akaondoka na watoto watatu. Nami nilisimama pale nikasema, "Afadhali."

Tulitafuta kadi ya Kepher. Ilionyesha kundi la damu, ilhali kwenye daftari la vipimo hakuwa amepimwa.

Sista aliichoma jikoni. Nikasahihisha mistari miwili ya programu, tukanyamaza miaka hii yote.

Nyinyi mnaoandika programu, kasi ni tamu. Ijaribuni kwa rekodi ya mtu, si kwa namba mnazozipenda.

Na Amolo, popote ulipo, hukumroga mtu. Kepher nilimuua mimi.