Kifuniko Kimoja Kila Saa

Kaka yangu alikuwa nesi. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi waliokutana naye baadaye hawakulijua, na waliolijua walilitumia kumcheka. Alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kituo cha afya huko Masinya, na wakulima wa pale wakijikata kwa jembe au panga walikuwa wakimsubiri yeye, hata kama kuna mwingine zamuni, kwa kuwa mshono wake haukuacha kovu baya. Mimi ni fundi cherehani mjini Busia, upande wa Uganda, nashona sare za shule. Alikuwa akinitania kwamba tumerithi mkono mmoja, ila vitambaa vyake ndivyo vinavyopiga kelele.

Alianza na bia kama wengi. Baadaye ikawa waragi, pombe kali ya chupa ndogo za plastiki, kwanza jioni baada ya zamu, halafu asubuhi kabla ya zamu ili mikono itulie. Siku aliyokosa mshipa wa mtoto mgonjwa mara nne mfululizo, aliweka sindano chini mwenyewe akatoka nje. Barua ya kumsimamisha kazi ilimkuta ameshahamia kwa mama yetu, kijijini Dabani.

Sehemu yangu katika haya lazima niiseme. Mama alinipigia simu akaniambia kwamba wanawake wa kikundi chake cha maombi wameamua kaka afungiwe kwenye ghala la mahindi siku tatu, bila tone, na wao wapokezane kuomba mlangoni. Alitaka kujua nasemaje. Nilikuwa nimechoka na kaka. Nilikuwa nimechoka kumwokota, kumfulia, kusema uongo kwa ajili yake. Nikajibu sawa. Hata kufuli nililinunua mimi.

Siku ya pili nilikwenda na uji. Ilikuwa kama saa nane mchana, jua kali, wanawake watatu wamekaa kwenye mkeka mbele ya ghala wanaimba. Tukasikia kitu kinagongagonga ukuta. Nilipofungua nilimkuta kaka chini, mwili umekakamaa kama gogo, kisha ukaanza kuruka, na mate yenye damu yakimtoka kwa sababu alikuwa ameuma ulimi. Wanawake wakaongeza sauti ya maombi. Mama aliingia akaweka kanga yake chini ya kichwa cha mwanawe, akamlaza ubavu, jambo ambalo kaka mwenyewe alikuwa amemfundisha zamani.

Alipozinduka hakututambua. Ilichukua muda mrefu. Halafu macho yake yakanipata, akazungumza polepole kama mwalimu.

"Dada, nisikilize vizuri. Mwili uliozoea hivi ukiukatia pombe ghafla unaweza kufa. Nipe waragi, kifuniko kimoja cha chupa kila saa mpaka mnifikishe hospitali. Wakiuliza, sema nilipima mimi."

Mmoja wa wale wanawake alisema kwa Kisamia kwamba huyo ni shetani anaomba chakula chake. Sikumlaumu, maana hata mimi nilidhani vivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimemwona sakafuni. Nikatuma mtu dukani. Mimi niliyekuwa namwaga chupa zake chini, sasa nikawa namshikia kifuniko mdomoni.

Hospitali ya kwanza ilikuwa karibu, upande wetu. Mtu wa mapokezi aliuliza tatizo, nikamweleza yote. Akaacha kuandika.

"Hapa hatuna kitanda ya walevi," alisema. "Vuka upande wa Kenya, kule wako na mahali yao."

Nikamwambia amepata degedege saa mbili zilizopita. Akaniuliza kama analo sasa. Nikasema hapana. Basi, akasema, na akaita aliyefuata.

Tukavuka kwa miguu, kaka katikati yangu na mama, kofia imeshushwa usoni ili wateja wangu wasimtambue. Upande wa pili tulikuta kweli kibao kizuri kilichopakwa rangi, kimeandikwa Huduma za Uraibu. Neno hilo sikuwa nimelizoea. Kwetu tunasema ulevi, na ukishasema ulevi umeshahukumu. Nakumbuka nilisimama chini ya kibao nikajisikia kama mtu aliyefika. Chumba kilikuwa kimefungwa. Tulielekezwa kwa karani, kijana mwenye adabu sana, aliyeeleza kwamba mshauri anakuja siku mbili kwa wiki na leo si mojawapo, lakini angeweza kumwandikisha mgonjwa ili alazwe. Aliomba kitambulisho. Kaka akatoa chake cha Uganda. Kijana akakigeuza, akaangalia kompyuta, akajaribu kitu, akajaribu tena.

"Mama, mimi sikatai," akamwambia mama yangu. "Mashine inataka namba ya huku. Bila namba haifungui ukurasa wa pili."

Alituandikia barua ya rufaa kwa mwandiko mzuri, kwenda hospitali ya Tororo, upande wetu wa Uganda. Saa ilikuwa imefika, kwa hiyo nilimpeleka kaka nyuma ya ukuta wa hospitali nikampa kifuniko chake. Mlinzi alituona. Alitutoa nje ya geti kama mbuzi walioingia shambani, akimwambia mama aone haya, mtu mzima kama yeye.

Njiani kwenda Tororo nilihesabu vifuniko kama dozi. Kaka alikuwa akiniuliza saa ngapi, na mimi nilimjibu kwa ukali, kana kwamba saa ndiyo iliyomkosea. Alikuwa ameanza kutoa jasho lililolowesha shati lote, na mara mbili aliniuliza kwa nini kuna siafu kwenye kiti.

Kule Tororo tulipokelewa na sista mkuu wa wodi ya wanaume, mwanamke mfupi mwenyeji wa Kiyeyi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliinama kumpima kaka, akanusa, akainuka.

"Mnamleta kuacha pombe, na njiani mnampa pombe?"

Nilikuwa nimefika mwisho. Nikamwambia kwamba nilimfungia bila pombe akakaribia kufa, nikampa pombe nikafukuzwa, na kama yeye ana njia ya tatu anionyeshe maana sijapumzika tangu mchana. Sikuwa mtu wa kusema hivyo mbele ya wauguzi. Mama alinivuta mkono. Sista alisoma barua, akasoma jina, akamtazama tena usoni yule mtu mchafu niliyemletea.

"Huyu tulisoma naye unesi," alisema. Kisha akaita godoro liletwe, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimejaa.

Nilifikiri hapo ndipo matatizo yamekwisha. Daktari alikuja, akaandika dripu, vitamini ya sindano, na diazepamu ya kumtuliza ili asipate degedege tena. Dripu ilikuwepo. Vitamini ilipatikana baada ya kutafutwa. Diazepamu haikuwepo wodini, haikuwepo kwenye stoo, na maduka ya dawa mjini hayakuitoa bila karatasi yenye muhuri. Muhuri ulikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo ulikuwa na mtu aliyekwenda semina. Nilirudi nikamwambia kaka. Alikuwa anavuta uzi hewani ambao hakuna mwingine aliyeuona, lakini hilo alilielewa.

"Nenda wodi ya wazazi," alisema. "Wanaiweka kwa ajili ya akina mama wanaopata degedege la mimba. Huwa iko kwenye kopo lenye kifuniko chekundu."

Nilikwenda. Mkunga alinisikiliza hadi mwisho, na hakunidharau, jambo lililokuwa gumu zaidi kulivumilia. Aliniuliza: mzazi akija sasa hivi amekakamaa, atamwambia nini? Kupitia mlango nilimwona msichana mwenye tumbo kubwa amelala anaangalia dari. Nadhani nililia. Mkunga akaingia ndani, akatoka na kiasi cha kutosha hadi kesho, akaandika kwenye daftari, akaniomba nisimwambie mtu mwingine aje. Kesho yake mwenye ufunguo alirudi na muhuri ukapigwa. Ila mpaka leo nikiona mjamzito namkumbuka yule msichana, na sijui alijifungua vipi.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Kaka alizungumza na wagonjwa wa Masinya ambao hawakuwepo, akawashona kwa vidole kwenye shuka la hospitali. Wagonjwa wengine walicheka, na wauguzi wawili wachanga walikuja mlangoni kumtazama kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba ni mwenzao. Sista mkuu aliwafukuza. Siku ya nne jasho lilikauka. Siku ya tano aliomba maji ya kunyoa, akanyoa mwenyewe bila kujikata, na mama alikaa chini akaangalia kidevu chake kama mtu anayesoma barua.

Siku hiyohiyo daktari alipita akasema amepona, aende nyumbani.

Niliuliza amepona nini. Daktari akasema hatetemeki, anakula, na kuna watu sakafuni. Nikauliza, je, kesho atafanya nini? Akasema kuna mshauri, kila Alhamisi, chumba kilicho karibu na maabara. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nikamwomba amwache mpaka Alhamisi. Alinyoosha mkono kunionyesha wodi; mtu mmoja alikuwa ameshasimama kando na godoro lake lililokunjwa, anasubiri nafasi ya kaka.

Hasira niliyokuwa nayo haikuwa na pa kwenda. Kila mmoja alikuwa na sababu. Karani alikuwa na mashine yake, mkunga alikuwa na mzazi wake, daktari alikuwa na watu wake sakafuni. Laiti ningempata hata mmoja aliyekuwa mbaya, ningemshika kola.

Alhamisi tulisafiri tena kutoka Dabani kwenda Tororo. Mshauri alikuwa mtu mpole aliyekuwa peke yake, na benchi lilijaa mpaka kwenye kona. Alimsomea kaka maswali kutoka kwenye fomu. Kaka akamwambia swali la sita na la tisa ni moja. Mshauri akatazama, akakubali, wakacheka wote wawili. Walizungumza dakika ishirini, kisha akatupa tarehe ya mwezi uliofuata.

Kaka alimaliza wiki saba bila tone. Alilima na mama, alipaka ghala chokaa. Wiki ya nane, siku ya soko, hakurudi. Nilimpata kwenye kibanda kimoja nyuma ya soko, amekaa na watu waliomwita daktari kwa kumdhihaki, anawachekea. Sikuingia. Nilirudi dukani kwangu nikashona mashati matano, yote nikayakosea shingo.

Sikumpigia simu siku kumi na mbili. Najua hesabu hiyo kwa sababu kila siku nilijivunia kwamba sijampigia. Siku ya kumi na tatu asubuhi, nilipokuwa nafungua duka, nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mikono ameificha kwenye mikono ya koti.

"Nipeleke kabla sijaanza kutetemeka," alisema. "Kifuniko cha mwisho nimekunywa saa kumi na mbili."

Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia kwamba mama amezeeka katika miezi mitatu. Nilimwambia nimekosa wateja. Alikubali yote, hakujitetea hata kwa moja, na hilo lilinikasirisha zaidi. Kisha nikafunga duka nililokuwa ndiyo kwanza nafungua.

Safari hii hatukupoteza muda kwingine. Sista mkuu alitufungulia huku akitikisa kichwa, diazepamu ilikuwepo, na kaka hakuona siafu. Siku ya nne sista alimletea karatasi na kalamu. Alimwambia kwamba wauguzi wake wanapokea watu kama yeye kila wiki, na hakuna anayejua aanze wapi, basi aandike. Kaka aliandika kurasa mbili: dawa gani mwanzo, nini kiangaliwe kila saa, nini mgonjwa asiambiwe, na kwamba aliyetoka nyumbani kwa kifuniko kimoja kimoja asitukanwe mlangoni. Karatasi hizo zimebandikwa juu ya meza ya wauguzi. Hazina jina lake.

Daktari alimtoa siku ya tano, kama mara ya kwanza. Lakini Alhamisi alikwenda mwenyewe, na Alhamisi iliyofuata, si kama mwenye tarehe bali kukaa kwenye lile benchi na waliokuwa wakisubiri. Mshauri alimwachia wale wa mara ya kwanza. Halipwi. Ofisi ya afya ya wilaya imeshapokea barua zangu tatu za kuomba arudishwe kazini, na kila nikienda naambiwa faili liko kwa mtu mwingine. Wodi ile bado haina kitanda hata kimoja cha watu kama yeye. Bado wanalazwa chini, bado wanatolewa siku ya tano.

Hajanywa miezi minane sasa. Akija dukani namsalimia kwa kumkumbatia, jambo ambalo ndugu wa kwetu hawafanyi, na nalifanya ili ninuse pumzi yake. Anajua. Ananikaribia, anatoa pumzi taratibu mara moja, kisha anauliza kama nina kazi ya kumpa. Huwa nampa vifungo avishone.