Jumamosi Naolewa, na Mapambo Yangu Ni Nyumba ya Mtu

Jina langu mlifiche, tafadhali. Nina miaka thelathini na mbili, ni karani kwa stoo ya mahindi hapa Eldoret, naishi Kiplombe, na Jumamosi hii naolewa. Najua anayeolewa anafaa kuandika akiwa na furaha. Mimi naandika tu.

Mchumba wangu nitamwita Dani. Ni fundi wa mbao, mpole, hanywi, hajawahi kunipandishia sauti. Mama yangu alipomwona mara ya kwanza alisema, "Huyu ana mikono." Ni kweli, anayo.

Wapambaji wa mjini walipotutajia bei yao, tulisema asante tukatoka. Nikamwambia Dani nitapamba mwenyewe. Nilikuwa nimejifunzia kwa simu: dirisha la zamani unalipiga msasa, mahali pa vioo unapachika picha zenu. Mlango mkuukuu unausimamisha peke yake kwa nyasi, bibi harusi anapita hapo kama anaingia kwake.

Dani akasema, "Mbao si shida. Kuna nyumba ya marehemu kaka yangu kule kijijini Ziwa. Imekaa tu."

"Hakuna mtu ndani?"

"Imekaa tu, mpenzi."

Nikikumbuka sasa, naona swali langu halikujibiwa. Lakini siku hiyo nilikuwa nawaza rangi.

Alianza kuleta madirisha. Halafu akaleta mlango, mbao nzito ya saipresi, bawaba zake bado zina grisi mbichi. Nikajiambia marehemu alikuwa mtu wa kutunza vitu vyake. Mtu akitaka kuolewa, hata grisi anaipatia maelezo.

Mlango niliupaka rangi nyeupe, na juu yake nikaandika kwa kijani: Karibuni Harusi Yetu. Jana alasiri nilikuwa namalizia maandishi hayo nje ya nyumba, mama mmoja akaingia kwa geti, gambuti zimejaa matope.

"Hodi. Wewe ndiye bibi harusi?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Mimi naitwa Mama Brayo. Kaka ya Dani ndiye alikuwa bwana yangu." Akautazama mlango juu hadi chini. "Na hiyo ni mlango yangu."

Sikulia. Nilikuwa na brashi mkononi na nilichowaza ni kwamba inakauka, niitumbukize kwa maji.

Nikamletea kiti na chai. Akaniambia anaishi kwa hiyo nyumba na watoto wake wawili. Hakuna aliyemwambia atoke. "Dani hajawahi kunifukuza," alisema. "Anakuja tu na bisibisi. Wazee anawaambia nyumba imezeeka, inaanguka yenyewe, wampe yeye hiyo ploti. Dirisha nilinyamaza, nikaziba na gunia. Lakini mlango, dada yangu, na hii mvua? Tunalala na blanketi imening'inia hapo, ng'ombe ya jirani inaingiza kichwa kutusalimia."

Akacheka. Mimi nikacheka pia, sijui kwa nini.

"Hiyo ploti anataka ya nini?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa najua. Dani alishanionyesha ramani ya nyumba yetu. Nilikuwa nimechagua mahali pa jikoni.

"Si ni wewe anajengea?" akasema, bila ubaya wowote. "Mimi sikuja kuharibu harusi. Fanyeni. Mimi nataka tu kitu ya kufunga."

Rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hivyo tukakaa hapo, wanawake wawili, tukingoja mlango ukauke. Akaniambia nimeupaka vizuri, kwamba marehemu alikuwa akimwahidi rangi kila Krismasi. Nikamuuliza kama nifute maandishi. "Wacha," akasema. "Watoto watapata cha kusoma." Ulipokauka tukaita bodaboda, tukaufunga nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira, na nikautazama ukienda barabara ya Ziwa, ukiwakaribisha watu wote harusini kwangu.

Nikampigia mama simu. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kila mwanaume ana kitu, mwanangu. Wako angalau anajenga." Akaniuliza kama nguo imetoka kwa fundi. Imetoka. Inanitosha.

Usiku sikufikiria sana kuhusu mapenzi. Nilifikiria kwamba Dani naye ni binadamu, anaweza kufa siku moja aniache na watoto kwa hiyo nyumba mpya. Na Dani ana ndugu wengine wawili. Wote ni mafundi.

Leo asubuhi alipita. Akaona nafasi pale mlango ulipokuwa umeegemezwa. Nikamwambia ukweli: mwenyewe alikuja, nikampa. Nilingoja akasirike. Ningejua la kufanya na mwanaume aliyekasirika.

Hakukasirika. Alinifuta rangi iliyokuwa imenikauka shavuni kwa kidole gumba, polepole, akasema, "Umefanya vizuri, wewe una roho safi. Usijali, mpenzi. Si ulinionyesha picha ya mabati yenye kutu, yale ya kuweka ukuta nyuma ya viti vya maharusi? Kesho nitakuletea."

Akaondoka akipiga mluzi.

Msinitukane, na huruma pia wekeni kando, kwa sasa sisikii kitu. Kanisani tumeshatangazwa, na shangazi zangu wako njiani kutoka Kakamega. Ninyi mlio kwa ndoa, na ninyi mliofiwa na waume zenu mkabaki kwa boma la watu, nisaidieni kwa neno moja: kesho akifika hapa na paa la yule mama, nimwambie nini?