Viti Vitatu vya Siku ya Posho

Kila Jumamosi asubuhi, siku ya posho kama tunavyoiita huku kwetu, bado ninafungua ofisi yangu shuleni ingawa hakuna anayekuja. Ninafuta vumbi, ninapanga viti vitatu vikitazamana, kisha ninakaa kwenye kimoja. Mlinzi wa shule hupita dirishani akinitazama kwa jicho la pembeni. Nadhani ameshaamua kwamba akili yangu imeanza kuchoka, na mimi namwacha aamue. Mjane wa umri wangu, binti wa mtu wa reli, anayeongea peke yake mbele ya viti vitupu, hata mimi ningemfikiria vibaya.

Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi. Wakimaliza mwaka wa nane inabidi wachague mchepuo: ualimu, biashara, umeme, ushonaji, kilimo au sayansi. Uchaguzi huo utawafuata maisha yao yote, nao bado ni watoto wanaogombania mpira wa matambara. Mimi ndiye ninayekaa nao, mmoja mmoja, tukazungumza. Hapa Kamina wananiita mama konseye, yaani mama mshauri, na wengi wanaoniita hivyo hawajui ninafanya nini. Walimu wenzangu wanadhani ninalipwa mshahara wa kukaa. Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, anahifadhi katoni za chaki ofisini mwangu, pamoja na ngoma kubwa ya bendi ya wanafunzi. Nilipolalamika alinishangaa kweli.

"Lakini mama, pale kwako si iko nafasi?"

Nafasi iko. Hilo siwezi kumbishia.

Mwalimu wa hesabu akikwama, anamwuliza mwalimu mwingine wa hesabu. Mshauri yuko mmoja tu katika shule, na shule nyingi hazina hata huyo mmoja. Unaweza kukosea miaka na miaka bila mtu kukuambia, maana mtoto uliyemshauri vibaya harudi kukulaumu. Anaenda tu kuishi vibaya mahali usipomwona. Jambo hilo lilinikosesha usingizi zamani, kabla sijapata wa kumwambia.

Wa kuwaambia niliwapata siku tulipoitwa kusimamia mtihani wa taifa wa mwaka wa nane. Tulijikuta washauri watatu tumekaa kibarazani tukila karanga. Mmoja alikuwa mwanamume wa shule ya ufundi iliyo ng'ambo ya reli, mzaliwa wa Kinkondja kule ziwani, mwenye sauti ya mtu aliyekua akiwaita wenzake kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Mwingine alikuwa mke wa askari, mshauri wa shule moja huko Base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Kwao ni mbali, kaskazini kando ya mto, na Kiswahili chake alikiokota kambini, kimechanganyika na Lingala. Siku ile ile ya kwanza aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na hakuniita kwa jina lingine tena.

Tulikuwa tukilalamika, kwa sababu washauri wakikutana hulalamika. Ndipo mtu wa Kinkondja alipopangusa maganda ya karanga mapajani.

"Balimu beko na selile yabo," alisema. "Siye juu ya nini hatuna?"

Selile ni kikao cha walimu wa somo moja. Mmoja anafundisha, wengine wanatazama, kisha wanamkosoa. Kila mwalimu wa nchi hii anakijua, na wengi wanakikimbia. Sisi watatu tulianzisha cha kwetu katika ofisi yangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na nafasi.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Mmoja anakaa kiti cha mshauri. Mwingine anakaa kiti cha mwanafunzi na kujifanya mtoto aliyemkuta kweli wiki hiyo, bila kumtaja jina. Wa tatu anakaa kiti cha mtazamaji na kufunga mdomo. Mazungumzo yakiisha, aliyekaa kiti cha mshauri anajikosoa kwanza. Baada yake, wenzake wanampa kila mmoja jambo moja zuri na jambo moja la kurekebisha. Hakuna kujitetea. Hata ukionewa, unasema asante na unanyamaza. Sheria hiyo ya mwisho aliileta mtu wa Kinkondja, na mimi niliipinga sana. Mimi ni mtu wa kujibu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikifa nitambishia mchimba kaburi.

Siku ya kwanza nilikaa kiti cha mshauri. Yule mdogo wangu wa Base alijifanya msichana anayetaka kujifunza ushonaji huku baba yake akitaka awe mwalimu. Nilizungumza naye vizuri, kwa maoni yangu. Nilimweleza uzuri wa ualimu, nikamweleza kwamba kushona anaweza kushona jioni, nikamtuliza, tukaagana. Kisha yeye akatoa maoni.

"Ya muzuri, uliniangalia mu uso. Ya kurekebisha, ulinichagulia. Sikumaliza hata kusema, tayari umenipeleka ku pédagogie, ku ualimu."

Nilifungua mdomo. Mtu wa Kinkondja, kwenye kiti cha mtazamaji, akainua kidole.

"Asante, mama. Sema asante."

Niliisema kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira na nikaapa sitarudi tena. Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika, maana kwa wiki nzima nilikuwa nimejisikiliza nikizungumza na watoto, na kila mmoja nilimkatiza.

Basi tukajifunza. Mtu wa Kinkondja alijifunza kuacha kuhutubia. Alitufundisha jinsi ya kukaa na wale baba wanaotoka vijiji vya ziwani na furushi la samaki wakavu, wanaoweka furushi mezani na kusema, "Muchagulie weye, mama, weye njo ulisoma." Unapokea samaki kwa heshima, kisha unamwomba baba akueleze mtoto wake akiwa nyumbani anapenda kushika nini. Mdogo wangu alijifunza kutolia pamoja na watoto wa askari, wale wanaohamishwa kabla hawajazoea dawati. Mimi nilijifunza kunyamaza. Mtoto akikuuliza, "Na weye, mama, unaona je?" usimpe jibu lako, kwa sababu atalishika na kuacha la kwake. Mrudishie swali, kisha ngoja. Nilikuwa mbaya kuliko wote mwanzoni, na mwishoni, bila kujisifu, nilikuwa bora kuliko wote. Wenyewe walisema hivyo katika jambo moja zuri, na nikawaambia asante.

Baada ya kikao tulikula bukari, ugali wa kwetu, na samaki juu ya meza yangu, katikati ya katoni za chaki. Mdogo wangu alikuwa akiipiga ile ngoma ya bendi kwa kiganja, kumkatiza mtu wa Kinkondja alipoanza kusimulia mambo marefu. Watoto wangu mimi wako Lubumbashi, nao hunipigia simu wanapokumbuka. Tangu nifiwe sikuwa nimecheka na mtu hadi mbavu zikauma. Nilizipenda Jumamosi hizo kuliko sikukuu yoyote.

Kisha mtu wa Kinkondja akapata kazi Kolwezi, kwenye ofisi inayoajiri vijana wa mgodini. Alikuja kutuaga akiwa na aibu kidogo, na shati jipya. Tulimcheka lile shati ili asione tunavyojisikia. Kiti chake hatukukiondoa. Tulibaki wawili, mmoja mshauri, mmoja mwanafunzi, na mtazamaji akawa hewa. Tulikuwa tukikigeukia kile kiti mwishoni na kumwuliza maoni yake, halafu mdogo wangu anajibu kwa sauti nzito ya ziwani.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mvua. Mdogo wangu alifika na pikipiki kutoka Base, matope yamemfika magotini, akakaa moja kwa moja kwenye kiti cha mwanafunzi ingawa zamu ilikuwa yangu.

"Leo miye njo mutoto," alisema. "Lakini sichezi, yaya. Ni mambo yangu."

Mumewe alikuwa amehamishiwa Kisangani. Angeondoka na ndege ya jeshi, na familia ingeweza kumfuata kwa ndege hiyo hiyo au kubaki. Wake wengi wa askari walikuwa wamebaki Base miaka mingi baada ya waume wao kuondoka, wakiuza sabuni na mafuta ya mawese, wakilea watoto wanaomjua baba kwa simu tu. Yeye alikuwa na kazi yake shuleni, na nyumba wangemwachia. Kwa hiyo kuondoka na kubaki, vyote viwili viliwezekana, na mumewe alikuwa amemwachia aamue.

"Sijue nifanye nini," alisema. "Niulize sawa vile tunaulizaka batoto."

Nitasema wazi: nilitaka abaki. Sikulitaka hilo kwa ajili ya watoto wa Base, ingawa wangempoteza mtu mzuri. Nililitaka kwa ajili yangu. Akiondoka, selile imekufa, na mimi narudi kuwa mwanamke wa katoni za chaki. Nililijua hilo kabla hajamaliza sentensi.

Nikakaa kiti cha mshauri, nikaanza kazi.

"Kule Kisangani, unaona nini?"

"Naona bwana yangu. Naona batoto beko na baba yabo." Alifikiri. "Kazi, siione."

"Na hapa?"

"Hapa naona kazi. Naona ule mutoto wa kalasi ya nane, ule hakuwa anasema, sasa anaanza kusema. Naona siku ya posho."

Sikumsaidia. Nilimwuliza mume wake angekuwa mtu gani akiwa peke yake kule, akanieleza. Nilimwuliza anajiona wapi mvua zijazo zikianza, na hapo akakaa kimya. Kimya cha namna hiyo ndicho nilichojifunza kukilinda. Nje, kichwa cha treni kilikuwa kikisukuma mabehewa huku na kule bila haraka. Maji yalichuruzika ukutani karibu na ile ngoma na nikajisemea kwamba prefe atanilaumu mimi ikilowana. Niliwaza mambo kama hayo ili nisiwaze lile moja.

Ndipo akainua macho akanitazama, akakaa akinitazama.

"Na weye, yaya, unaona je?"

Neno lilikuwa limenifika kwenye meno. Lilikuwa neno moja, na fupi. Sisemi kwamba nilikosea kulimeza, na mtoto yeyote akiniuliza vile leo nitalimeza tena. Kinachoniudhi ni kwamba sijui mpaka sasa kama aliyeuliza alikuwa mtoto. Nilimjibu kama tulivyofundishana.

"Weye njo unajua. Moyo yako inasema nini?"

Alitabasamu kidogo, akayatazama matope kwenye viatu vyake.

"Basi, nitaenda," alisema.

Nilidhani tumemaliza. Nilisimama nikachukue sahani, lakini yeye alikuwa amekigeukia kile kiti cha tatu.

"Tumalize, yaya. Jikosoe."

Nikakaa tena, nikajikosoa. Nilisema swali langu moja lilikuwa maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Nilisema nilitazama ukuta wakati nilipaswa kumtazama yeye. Mengine yaliyokuwa tumboni sikuyataja, kwa sababu tuliweka sheria kwamba tunakosoa mazungumzo, hatukosoi mioyo. Kisha ikawa zamu yake.

"Ya muzuri, haukunichagulia. Zamani ungenichagulia mbio mbio."

Tulicheka. Alianza kukwangua tope kwenye kiganja chake kwa kucha, taratibu, akitafuta maneno.

"Ya kurekebisha," alisema. "Wakati nilikuuliza unaona je, nilikuwa nangojea uniambie, bakia. Kama ungesema, ningebakia."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kujibu: kwamba ni yeye aliyenifundisha, kwenye kiti hicho hicho, kwamba neno lilikuwa limefika kwenye meno, kwamba bado sijachelewa kulisema. Alinitazama, akangoja, na safari hii hapakuwa na mtu kwenye kiti cha tatu wa kuniinulia kidole.

"Asante," nilisema, nikanyamaza.