Karani na Masomo ya Mimba Yangu

Zahanati ya mtaa wetu hapa Kalemie ilipopata ujanja wa kutuma ujumbe kwa simu, ilimpumzisha yule mama aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kututangazia siku ya masomo ya wajawazito. Tukaambiwa tusijisumbue na tarehe, simu itatukumbusha. Mimi simu sikuwa nayo. "Tunaandika namba ya papa, bwana yako," akasema muuguzi, na benchi zima la wajawazito tukaitikia kwa kichwa, utadhani na tumbo angelibeba papa.

Mume wangu ni karani. Kwenye biro yao, yaani ofisini, barua hailali mezani bila jibu, na ikishajibiwa, kazi imekwisha. Kwa hiyo kila ulipoingia ujumbe, "Mama, kesho kuna somo, jibu NDIYO kama utakuja," alijibu NDIYO, akarudisha simu mfukoni, akaendelea na ugali wake kwa amani.

Mimi nikangoja. Nilidhani masomo yamekufa kimya kimya, kama miradi mingi inavyokufa huku kwetu. Mwezi wa nane wa mimba miguu ikavimba hadi viatu vikakataa, kichwa kikauma siku tatu, macho yakaanza kuona nyota mchana. Nikajipeleka mwenyewe zahanati.

Muuguzi alinipima presha, akapima tena, akaacha kutabasamu. Akafungua daftari lake.

"Lakini Mama, kila mara ulijibu ndiyo! Mambo ya kuvimba miguu tulishafundisha. Ulibakia nyumbani juu ya nini?"

Nikakimbizwa hospitali siku ileile. Niliogopa kufa, na zaidi ya hapo nilikasirika kwamba nitakufa kwa sababu ya NDIYO za mtu mwingine.

Mume wangu alifika jioni, akaitazama miguu yangu. "Hii ya miguu waliandika mu mesaje," akasema.

"Papa, ulijua?"

"Nilisoma. Nikawajibu." Alilisema kwa fahari kidogo. Mungu anisamehe, nilitamani kumrushia beseni.

Mtoto alitoka kabla ya wakati wake, mdogo, lakini mwenye sauti. Wauguzi walipokuja kuuliza namba ya simu ya kukumbushia chanjo, mume wangu akafungua kinywa. Nikanyoosha mkono. Aliitazama simu yake, akanitazama, akaniwekea kiganjani.

"Na watu wa biro wakinitafuta?"

"Watakukosa, Papa. Hautakufa."